Nimetoa Changarawe, Nimeweka Mchanga: Mfuko Huu Unafaa?

Haya, karibuni. Kabla sijasema lolote, hebu itazameni hii ndoo. Mnaona maji yalivyo meupe kama chokaa? Hilo ni suuzo la nne, na mchanga wenyewe, wa kutandaza kwenye tangi la samaki, umetoka kwenye mfuko ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba umeshaoshwa, uko tayari kutumika. Maneno ya mfuko tuwaachie wenye mfuko. Mimi nilifika suuzo la tisa ndipo nikauona mkono wangu chini ya ndoo.

Bidhaa ni mchanga laini wa kwatzi, rangi ya krimu, punje hazifiki milimita moja. Nimeuweka kwenye tangi la sentimita 60 kwa 30, mahali pa changarawe za buluu nilizokaa nazo miaka mitatu. Na sababu ni hawa wanaopita hapa chini, Corydoras, kambare wadogo wenye sharubu. Samaki hawa hutafuta chakula kwa kuzamisha pua ardhini: wanabugia mchanga, wanachambua, kisha wanautoa kupitia matamvua. Changarawe hawawezi kuzibugia, na chakula kinachoponyoka kinaozea katikati ya mawe. Wawili wangu sharubu zilikuwa zimeliwa zikabaki vishina. Ndipo nikasema basi.

Kiasi gani kinatosha? Zidisheni urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa sentimita, kisha gawanyeni kwa 1000 mpate lita. Nilitaka kina cha sentimita 4, kwa hiyo lita 7.2. Lita moja ya mchanga mkavu ina takriban kilo moja na nusu, jumla karibu kilo 11. Mimi kwa ubahili nikanunua mifuko miwili ya kilo 5, na ndiyo maana ile kona ya nyuma imekonda.

Jaribio la siki niliufanyia: kijiko cha mchanga mkavu, matone kadhaa juu yake, halafu unasikiliza na kutazama. Ukichemka mapovu, ndani mna chokaa au makombe, na hayo yatapandisha pH, yaani kipimo cha uasidi, na ugumu wa maji. Huu ulitulia kimya. Hapo nimeupa alama zote.

Sasa kubadilisha kwenyewe, kwa sababu hapa ndipo samaki wanapofia, na lawama unabebeshwa mchanga bure. Nilizima hita kwanza. Hita ikiwaka nje ya maji kioo chake kinaweza kupasuka. Samaki wakaingia kwenye ndoo ya maji yaleyale ya tangi, na jiwe la hewa likitokota. Filta nayo nikaiwasha ndani ya ndoo nyingine ya maji ya zamani. Sponji lake sikuligusa. Klorini ya bombani inaua bakteria wanaoishi humo, wale wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati.

Hadi hapo nilijiona fundi. Kosa likaja baadaye: changarawe zote nilizichota siku hiyohiyo nikazitupa. Nilisahau kwamba bakteria haohao wanaishi pia juu ya kila jiwe. Siku ya tatu nikapima, kipimo cha matone kikageuka kijani: amonia miligramu 0.5 kwa lita. Samaki walikuwa wanapanda juu kuvuta hewa. Nikapunguza chakula, nikawa nabadilisha theluthi ya maji kila siku, yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini na joto lake limelingana na la tangi. Siku ya tisa ndipo ikasoma sifuri. Nyinyi chukueni konzi mbili tatu za changarawe za zamani, zitieni kwenye soksi nyembamba, muiache ndani ya tangi wiki kadhaa. Au toeni ardhi ya zamani nusu kwa nusu, mkipumzika wiki mbili katikati.

Maji ya kujazia tangi niliyamimina juu ya sahani iliyolala kwenye mchanga, polepole, na bado tangi lilikuwa na ukungu siku mbili. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kelele iliyoanza kwenye filta, kama gari lenye giaboksi mbovu. Mchanga ulikuwa umenyonywa hadi kwenye rota, ile sehemu inayozunguka ndani yake. Nimeisafisha na kuinua mdomo wa bomba sentimita 8 kutoka chini, imenyamaza.

Usafi: kinyesi kinaonekana, kimekaa juu peupe. Wengine wanalichukia jambo hili, mimi nalipenda, kwa sababu kwenye changarawe kilikuwepo vilevile, ila sikuwa nakiona. Mpira wa kunyonyea uelee kidogo juu ya mchanga, msiuzamishe, la sivyo mchanga wote utaishia kwenye ndoo. Mara mojamoja napitisha kijiti chini nikiutikisa, kwa maana mchanga mzito ukishikana unakosa hewa na kutoa gesi inayonuka mayai viza.

Mwenye bustani ya mimea asiununue. Hauna rutuba hata chembe. Mmea wa Anubias uliofungwa kwenye gogo hauna shida, lakini mmea wa Cryptocoryne unakula kwa mizizi, utahitaji vidonge vya mbolea. Mwenye bustani udongo wa punje za mimea utamfaa zaidi, mradi akumbuke kwamba wiki za mwanzo nao hutoa amonia, hivyo samaki wasubiri.

Kwa tangi lenye samaki wa chini, nawapa ruhusa kuununua, muda wa kuosha muutenge nusu siku. Subirini, huyu hapa, sogeeni mwone. Amezama hadi machoni. Na hapo ubavuni, ule moshi mwembamba, ndio mchanga unaotoka.