Afterlives ya Gurnah: vita vilivyopita mashambani kwetu

Nimekulia kijijini mkoani Lindi, si mbali na Mahiwa walikopigana Wajerumani na Waingereza Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Shuleni vita vile tulivisoma kama ugomvi wa wazungu. Bibi yeye alisimulia mambo aliyoyasikia kwa mama yake: mihogo kung'olewa ingali michanga, wanaume kuchukuliwa upagazi wasirudi. Riwaya hii ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2020, ndiyo ya kwanza kwangu kuanzia pale alipoanzia bibi.

Askari wa Mjerumani wakipita kijijini wanazoa nafaka na mifugo, kinachobaki wanakichoma adui asikute kitu. Hamza, mmoja wa wahusika wakuu, yumo kundini, kajiandikisha kwa hiari yake, na anatoka huko akichechemea kwa jeraha la upanga alilotiwa na mkubwa wake mwenyewe. Kurasa hizo zilinichukua wiki nzima. Kuna usiku nilikifunga kitabu nikashindwa kulala.

Lakini aliyenishika hasa ni Afiya. Yatima huyu, kaka yake Ilyas kaenda vitani, anapigwa kijijini hadi kuvunjwa mkono kwa kosa la kujua kuandika. Na kuandika huko huko ndiko kunakomwokoa: anampelekea Khalifa, rafiki wa kaka yake, kikaratasi cha maneno machache akiomba msaada, na Khalifa anamfuata. Khalifa nimempenda kuliko wote. Ni mtu wa manung'uniko na soga za barazani, ila mtoto wa watu alipomwita, alikwenda. Ilyas hakurudi; dada mtu kalelewa nyumbani kwa rafiki.

Mapenzi ya Hamza na Afiya yanakuja taratibu, vita vikiwa vimekwisha, kwa watu wawili ambao kila mmoja ana jeraha lake. Hamza aliyejifunzia Kijerumani jeshini anamtafsiria mistari ya Schiller, mshairi wa Kijerumani, kwa Kiswahili. Hapo nilirudia mara tatu.

Kilichonikera ni mwisho. Habari za kutafuta alikoishia Ilyas huko Ujerumani zinapita mbio, wakati ni jambo zito mno. Kiingereza cha kitabu hakisumbui, na maneno yetu ya Kiswahili yamejaa humo.

Juzi nilimsomea mama kisa cha kikaratasi, nikitafsiri papo hapo. Akaniuliza, "Na ule mkono, ulipona?"