Uzoefu wangu: mwalimu wa kazi aliyesimama na mdogo wangu kwenye chanja za dagaa Kibirizi

Mzazi mmoja ameniuliza kama ampeleke mwanawe kwenye huduma ya mwalimu wa kazi. Mdogo wangu ana miaka 27 na ana ulemavu wa akili. Mpaka mwaka jana alikuwa anashinda kibarazani kwetu Mwanga, Kigoma mjini, anahesabu bodaboda. Mafunzo alishapata: alifundishwa kusuka vikapu, akapewa cheti, akarudi nacho kibarazani. Ndiyo maana niliposikia kuna huduma inayomtafutia mtu kazi kwanza, halafu inamfundishia palepale kazini, nilikwenda kwa shingo upande.

Mwalimu wa kazi wa huduma hiyo alikuja nyumbani mara tatu, kumsoma tu. Akaona jambo ambalo sisi tulilihesabu kero: huyu hawezi kukuta vitu vimechanganyika akaviacha. Akamtafutia nafasi Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwa mama mmoja anayeanika dagaa. Kazi ya mdogo wangu ni kuchambua, kutoa migebuka midogo iliyoingia kwenye dagaa, na kuwageuza juani.

Wiki mbili za kwanza walikuwa chanja moja. Mwalimu hakumfanyia kazi. Alimwonyesha, akanyamaza, akasubiri, hata kama ni muda mrefu. Wiki ya tatu akahamia chanja ya jirani. Baadaye akawa anapita asubuhi tu, kisha Jumatatu na Alhamisi. Na aliwafundisha pia kina mama wale: mpeni agizo moja, amalize, ndipo mumpe la pili. Hilo nalishukuru kuliko yote, maana wao ndio anaobaki nao.

Kasoro zipo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiingia mitumbwi haitoki. Hakuna aliyemweleza mdogo wangu. Alifika akakuta chanja tupu, akaamini amefukuzwa. Siku mbili hakula vizuri. Nilipiga simu, mwalimu akaja siku ya nne. Kwangu hiyo ni kuchelewa. Alileta kalenda aliyoichora mwezi unavyokua na kupungua. Sasa kila jioni mdogo wangu anatia alama ya mkaa, na siku ya kurudi kazini anaijua kabla yangu.

Malipo nayo. Mwezi wa kwanza alipewa hela ya soda, wenzake wakilipwa kwa ndoo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi afikishe asilimia 3 ya wenye ulemavu. Huyu mama ana watu sita, hivyo alimpokea kwa hiari, na nafasi yenyewe namshukuru. Lakini ndoo ni ileile. Nilikwenda kuzungumza naye, akaelewa, sasa analipa sawa. Huduma ingesimamia hilo kabla ya siku ya kwanza, isingoje ndugu wadai.

Mzazi unayeniuliza, mpeleke. Ila uliza malipo mapema, na uliza habari za mbalamwezi.

Jumamosi alirudi na dagaa aliowanunua kwa hela yake. Mama yetu akawaunga kwa mawese, akamtengea yeye kwanza.