Konventa ya sauti kwa kompyuta yako: chomoa chaja kwanza, ndipo uende dukani

Laptopu ikiwa kwenye chaja, sabufa inanguruma. Ukichomoa chaja, kimya. Kama kwako ndivyo ilivyo, usinunue konventa ya USB leo, yaani kile kidude cha nje kinachogeuza namba za kompyuta kuwa sauti.

Mimi niliinunua. Nilipanda daladala kutoka Nkuhungu hadi katikati ya mji wa Dodoma, muuzaji akaniambia, "Chukua hii bosi, kelele kwisha." Nikalipa, nikarudi, nikachomeka, na ngurumo ikaendelea ileile kana kwamba sijanunua kitu. Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi redio wa Majengo, kwa swali moja tu: "Kijana wangu, ulijaribu kuchomoa chaja kabla ya kutoa hela?" Nikajikuta namwamkia shikamoo mara ya pili.

Kelele ziko mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni mchachatiko mwembamba, ule wa "shhhh", au vimlio vinavyobadilika ukisogeza mausi, na haukomi hata ukitumia betri. Huo unazaliwa ndani ya kompyuta, kwa sababu sakiti ya sauti imebanwa pamoja na vitu vingine vyenye kelele za umeme. Konventa ya nje inautibu vizuri, maana kazi ya kugeuza namba kuwa sauti inatoka nje ya lile ganda.

Ya pili ni ngurumo nzito inayokuja na chaja. Umeme wetu ni wa volti 230, na mkondo wake unarudia mzunguko mara 50 kwa sekunde. Mngurumo unaousikia mara nyingi ndio huo huo, au mara mbili yake. Unapita kwenye waya wa ethi kati ya chaja, kompyuta na sabufa. Konventa ya USB haiwezi kuukata kwa sababu waya wa USB nao una ethi yake, kwa hiyo njia inabaki wazi.

Anza na kisicho na gharama: chomeka chaja na sabufa kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, nenda kwa wauza redio za magari uulize kifilta cha kuondoa mvumo wa injini kwenye spika. Ni kidude kidogo chenye transfoma mbili ndani, kinakaa katikati ya waya wa sauti, na mara nyingi bei yake si kubwa. Vile vya bei ya chini kabisa hupunguza besi kidogo, hilo ulijue mapema. Na tafadhali, asikudanganye mtu ukate pini ya ethi kwenye plagi. Ngurumo itaisha, ila shoti ikitokea, ganda la chuma utalishika wewe.

Sasa tuje kwenye manunuzi. Nimepanga kwa kumfikiria mtu wa kawaida wa hapa Dodoma: ana laptopu, ana sabufa ya chumbani yenye matundu mekundu na meupe nyuma, anataka muziki na muvi zisikike safi.

Nafasi ya kwanza naipa adapta ndogo ya Type-C yenye tundu la hedifoni, pamoja na waya wa pini moja kwenda RCA mbili, zile pini za kuingia kwenye matundu mekundu na meupe. Ile ya Apple ina konventa kamili ndani yake, ndogo kuliko kidole, na kwao Marekani huuzwa dola 9. Kwa sabufa nyingi tulizonazo, hutasikia tofauti kati yake na mashine ya bei mara kumi. Mtego ni huu: adapta zinafanana kwa sura, lakini baadhi ni waya mtupu, hazina konventa. Zimetengenezwa kwa simu zinazotoa sauti tayari kupitia tundu la Type-C, na kwenye laptopu hazifanyi lolote. Kwa hiyo beba laptopu yako dukani. Chomeka, fungua orodha ya vifaa vya sauti, tazama kama limeongezeka jina jipya. Lipo? Ina konventa. Hakuna? Mrudishie kaka wa watu adapta yake. Na jina likionekana, lichague, maana wapo wanaorudisha kifaa kizima wakati kompyuta bado inatoa sauti kwenye spika zake yenyewe.

Nikiwa hapo hapo: lile tundu la USB lililo mbele ya sabufa ni la fleshi. Waya wa USB kutoka kwenye kompyuta ukilichomeka hapo hautoi kitu. Nimeona waya huo ukiuzwa kwa kazi hiyo, muuzaji akiwa na uso mkavu kabisa.

Ya pili ni spika zilizo na konventa ndani, kwa anayeanza bila sabufa. Edifier R1280DB ni mfano mzuri: inapokea RCA, Bluetooth na waya wa optikali, ule unaopitisha mwanga mwekundu badala ya umeme. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, kwa sababu ngurumo ya ethi haina pa kupita kwenye mwanga. Baadhi ya kompyuta za mezani zina tundu hilo nyuma. Laptopu nyingi hazina. Hela yako kubwa iweke kwenye spika, si kwenye konventa. Spika ndiyo inayosikika.

Ya tatu ni ya mwenye televisheni bapa: HDMI kutoka kompyuta kwenda kwenye TV, optikali kutoka kwenye TV kwenda kwenye kisanduku kidogo cha kugeuza optikali kuwa RCA, chenye chaja yake, kisha RCA kwenda kwenye sabufa. Nyaya nyingi, lakini ngurumo inakufa. Kwenye TV chagua PCM (sauti isiyobanwa) upande wa sauti, la sivyo kisanduku kitanyamaza au kukwaruza, kwa sababu vingi havisomi Dolby, yaani sauti iliyobanwa.

Wanakwaya na wanaorekodi vipindi, orodha yangu ipindueni. Ninyi mnahitaji kadi ya sauti ya nje yenye tundu la maiki, kama Focusrite Scarlett Solo au Behringer UMC22. Inarekodi na kupiga kwa pamoja, na ikiungwa kwa nyaya za balansi (zile zenye nyuzi mbili za sauti zinazofuta kelele njiani) kwenye spika zinazozipokea, ngurumo inapungua sana hata waya ukiwa mrefu.

Mwisho ni konventa za mezani, kama za FiiO. Ni nzuri, ila kwa sabufa ya plastiki ni kumvalisha punda suti. Usibabaishwe na namba kubwa kwenye boksi. CD yenyewe ni biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Na kama laptopu yako ya mtumba bado ina Windows 7, nyingi kati ya konventa hizi za mezani zitadai programu ya ziada, kwani Windows ilianza kuzipokea zenyewe kwenye toleo la Windows 10 la 2017.

Bluetooth sijaipa nafasi kwa sababu huinunui, unayo tayari. Haina ngurumo. Shida yake ni sauti kuchelewa midomo kwenye muvi. Ukitazama kwa programu ya VLC, bonyeza J mara kadhaa hadi vikutane.

Kitu kisichopatikana hapa mjini utaagiza Kariakoo, na kukirudisha ni safari nyingine, kwa hiyo mwambie muuzaji akijaribu kwenye kompyuta na akurekodie video kabla hujatuma pesa. Kikishafika, kiwekee kitambaa. Vumbi letu la kiangazi linaingia kwenye vitufe vya volyumu hadi vinakwaruza ukivizungusha.

Ile konventa yangu ya kwanza nilimpa mdogo wangu anayesoma UDOM. Laptopu yake ilikuwa na mchachatiko, ule wa aina ya kwanza. Umekwisha.