Gofu New York bila gari wala uanachama: uzoefu wangu Van Cortlandt

Kwa wenye haraka, naanza na jibu. Kama unakwenda New York kikazi au kumtembelea ndugu, huna gari, humjui mwanachama wa klabu yoyote na unataka kupiga mashimo 18 bila kukopa hela, nenda uwanja wa Van Cortlandt, Bronx. Wapo watakaokushauri vingine. Hao ndio walionichosha kabla sijaondoka Dar.

Pale Lugalo ninapochezea, kila aliyesikia nasafiri alinitajia uwanja mmoja tu, Bethpage Black. Nawaelewa. Ni uwanja wa umma, mali ya jimbo la New York, na hapo ndipo ilipochezwa US Open ya 2002 aliyoshinda Tiger Woods, US Open ya 2009, PGA Championship ya 2019 na Ryder Cup ya 2025, ambapo Ulaya iliwafunga Wamarekani 15 kwa 13 mbele ya mashabiki wao. Nani hataki kurudi nyumbani akatamba kwamba alicheza hapo?

Ila tuulizane vizuri. Bethpage haiko kwenye ile New York ya maghorofa. Iko Farmingdale, Long Island, kama saa moja hivi kwa treni kutoka Manhattan, na ukishuka unatafuta teksi. Black hakuna vigari, ni mguu mwanzo mwisho, na vilima vyake si vya mchezo. Mkazi wa jimbo anaruhusiwa kuweka nafasi mapema kuliko mgeni, na analipa karibu nusu ya anacholipa mgeni. Waliokosa nafasi mtandaoni huja usiku na kulala ndani ya magari yao pale kwenye maegesho, wakingoja kugawiwa nafasi alfajiri. Ni desturi inayojulikana, hata sehemu za kuegesha zimepigwa namba kwa ajili ya foleni hiyo. Sasa wewe uliyekuja na treni, utalala wapi?

Nilikwenda kuuona hata hivyo, shemeji yangu akiendesha. Karibu na tii ya kwanza, yaani mahali pa kuanzia shimo, kuna kibao maarufu kinachoonya kwamba uwanja huu ni mgumu kupita kiasi na unapendekezwa kwa wachezaji wenye ujuzi wa hali ya juu tu. Watu wanapanga foleni kupiga nacho picha kama wanavyofanya na kile kibao cha Uhuru kule kileleni Kilimanjaro. Mimi handikapu yangu 24, yaani ujuzi huo sina. Nikapiga picha, nikanunua kofia, tukaondoka. Mwenye gari na siku nzima ya kuchezea akumbuke kwamba pale pale kuna viwanja vingine vinne, vyote vina majina ya rangi, na wenyeji wanausifu sana ule wa Red.

Uwanja wa kuchezea ukiwa safarini nauchagua kwa mambo ambayo mtu hayafikirii akiwa nyumbani. La kwanza ni mfuko. Kule kwetu mfuko unatoka kwenye buti la gari na kuingia mikononi mwa kedi, yule msaidizi anayekubebea, hata uzito wake huujui. New York utaujua. Treni za chini zina ngazi, lifti haipo kila kituo, na saa za watu kwenda kazini hakuna atakayekuachia njia eti kwa sababu umebeba fimbo. Kwa hiyo nilisafiri na nusu seti: driva, hibridi moja, ayani chache, weji na pata (ile ya kusukumia mpira shimoni), kwenye mfuko mwepesi wa kubeba mgongoni. Sheria inaruhusu fimbo 14, lakini hailazimishi. Ungeniona kwenye ngazi za kituo cha 168 Street ungenipongeza.

La pili, unakwenda peke yako au mko wangapi? Mimi nilikuwa peke yangu, maana mdogo wangu niliyefikia kwake anaiona gofu ni matembezi yaliyoharibiwa. Kwenye viwanja vya umma vya jiji, mtu mmoja ana bahati. Kundi likiwa na watatu, stata, yule anayepanga zamu za kuanza, anakuchomeka. Mkija wanne bila nafasi iliyowekwa, mtakaa kwenye benchi mpaka mchoke.

La tatu ni jua. Hili nalisema kwa furaha kabisa. Mwezi wa Juni New York, saa mbili usiku jua bado linaonekana! Sisi tuliozoea giza la saa moja kasoro tunaona ni muujiza. Viwanja vingi vya umma kule vina bei nafuu ya alasiri, na kwa jua hilo mtu anaweza kuanza saa kumi na akamaliza mashimo yote 18 akiwa bado anauona mpira. Bei ya alasiri ndiyo niliyolipa karibu kila mara, na sijaona sababu ya mgeni kulipa ya asubuhi.

Basi, Van Cortlandt. Unapanda treni namba 1 kuelekea kaskazini mpaka mwisho wa reli, kituo kinaitwa Van Cortlandt Park–242nd Street. Huwezi kupitiliza. Kituo chenyewe kiko juu, reli inapita hewani juu ya barabara, kwa hiyo unashuka ngazi na hifadhi iko mbele yako. Unatembea kandokando ya uwanja mkubwa wa majani ambako watu wanacheza soka na kriketi (ndiyo, kriketi, Bronx imejaa watu wa Karibiani) na baada ya dakika chache unaliona ziwa, na jengo la gofu liko pembeni yake.

Huu ndio uwanja wa gofu wa umma mkongwe kuliko yote Marekani. Ulifunguliwa 1895. Wakati huo gofu ya Marekani ilikuwa ya matajiri na klabu zao, na jiji likaamua kutenga ardhi ya hifadhi ili mtu yeyote mwenye nauli apige mpira. Historia hiyo unaiona bado kwa watu unaochanganywa nao. Siku yangu ya kwanza stata aliniweka na dereva wa basi mstaafu, kijana wa Kidominika aliyevaa fulana ya Yankees, na mama mmoja wa Kikorea ambaye hakusema zaidi ya maneno kumi na alitushinda wote. Klabu zetu nyingi, hata mgeni anayelipa ya siku moja anaandikwa kitabuni na kuulizwa anatoka klabu gani. Pale dirishani niliulizwa jina, nikatoa kadi ya benki, nikapewa risiti. Mzee wa mabasi aliniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akauliza kama tuna gofu. Nikamwambia tuna gofu na tuna na makedi. Hapo akasimama kabisa.

Maana kedi ndiye niliyemkosa kuliko kitu chochote, na kama hujawahi kucheza bila yeye, jiandae. Kedi wangu Lugalo ananijua kuliko ninavyojijua. Nikishika ayani namba saba ananyamaza kwa namna ambayo narudisha mwenyewe na kuchukua sita. Kwenye grini, pale penye majani mafupi kuzunguka shimo, anachuchumaa, anasema "kikombe kimoja kushoto, mama, usiogope," na mimi natii. Mpira ukienda porini yeye ndiye anayejua ulipoangukia, mimi kazi yangu ni kusikitika. Bronx unapiga, unautazama mpira mpaka mwisho, unajiwekea alama ya mti, unabeba mfuko, unaufuata, na sheria tangu 2019 inakupa dakika tatu tu za kutafuta badala ya tano za zamani. Shimo la tatu nilikuwa nimeshapoteza mipira ya kutosha kufungulia duka. Mama wa Kikorea akanipa wake miwili bila kusema neno.

Kuna vigari vya kuvuta kwa mkono na vya umeme vya kukodi. Chukua cha kuvuta hata kama unajiona una nguvu, kwa sababu uwanja wenyewe umekaa kwa vipande. Katikati ya karne iliyopita New York ilijenga barabara kuu kila ilipopata upenyo, na hifadhi hii ilikatwakatwa nazo, uwanja wa gofu ukiwemo. Ndiyo maana kuna mahali unamaliza shimo na kuanza safari ya miguu kwenda kulitafuta linalofuata, magari yakivuma karibu nawe. Nimesoma watu wakiulalamikia mwendo huo. Mimi ulinifaa, maana ndipo mazungumzo yalipokolea.

Kwa mchezo wenyewe, usidanganywe na umri wala na jumla ya yadi zake, ambayo si ya kutisha. Kuna mashimo mawili ya pari 5 (unatarajiwa kumaliza kwa mikwaju mitano) yenye yadi zipatazo 600, na mtu wa mikwaju mifupi kama mimi anafika kwenye grini akiwa amesahau alianzia wapi. Mengine ni mafupi na membamba, yanahitaji akili zaidi ya misuli, na hapo nusu seti yangu haikunionyesha upungufu wowote. Tii za mbele zipo na hakuna anayekukodolea macho ukizitumia. Wanaume wawili kwenye kundi letu walizitumia pia baada ya shimo la tano, wakasema mgongo.

Niseme pia kuhusu muda. Uwanja wa umma mwishoni mwa wiki, mji wa mamilioni ya watu, raundi kuchukua saa tano au zaidi si ajabu. Kwenye uwanja mmoja wa jiji, ambao sitautaja, Jumamosi tulikaa shimo moja la pari 3 mpaka watu wakaanza kula mikate yao. Na hapo hapo seti niliyokodi, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye shughuli, ilikuja bila pata. Nilimalizia raundi kwa pata ya kuazima kwa mtu niliyemfahamu kwa nusu saa. Ukikodi, fungua mfuko na uhesabu fimbo mbele ya aliyekupa. Na cheza siku za kazi.

Kama umefikia Brooklyn badala ya Bronx, safari ya kwenda 242nd Street ni ndefu mno, usijitese. Panda treni ya R mpaka 86 Street, utembee mpaka Dyker Beach. Ni uwanda tambarare kuliko Van Cortlandt, miguu itakushukuru, na daraja la Verrazzano-Narrows linachungulia juu ya miti. Kuna jambo lililonigusa pale kama mtu wa Lugalo, klabu ya jeshi letu. Jirani na Dyker Beach kuna kambi ya Fort Hamilton, na ni kwenye uwanja huo Earl Woods, baba yake Tiger, alipojifunzia gofu akiwa ofisa wa jeshi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla mwanawe hajazaliwa. Tuna maofisa kadhaa Lugalo wanaohitaji kulisikia hili, hasa wale wanaoamini wamechelewa kuanza.

Anayetaka fahari na ana hela ya kuchoma aende Ferry Point, Bronx hiyo hiyo, chini ya daraja la Whitestone. Jack Nicklaus alishiriki kuuchora, ulifunguliwa 2015 juu ya lililokuwa jaa la taka la jiji, ukiwa na jina la Trump mpaka 2023 ulipochukuliwa na kampuni ya Bally's. Ni mali ya jiji kama vingine, lakini mgeni analipa mara kadhaa ya bei ya Van Cortlandt. Mimi niliutazama bei mtandaoni nikafunga simu.

Na kwa wenye watoto, au wanaoanza, upande wa pili wa hifadhi ya Van Cortlandt kuna Mosholu, mashimo tisa, karibu na mwisho wa treni namba 4, kituo cha Woodlawn. Sehemu yake ya kufanyia mazoezi imejengwa juu ya paa la mtambo wa kusafisha maji ya jiji. Unapiga mipira na chini yako yanachujwa maji ya kunywa ya New York. Nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa. Alipenda mtambo kuliko mipira.

Kuhusu kuweka nafasi: viwanja vya jiji vinaendeshwa na wakandarasi tofauti, kwa hiyo tovuti ya kimoja haikuonyeshi nafasi za kingine. Soma masharti ya kughairi kabla ya kuingiza kadi. Mkazi wa jiji ana punguzo lake, wewe chagua bei ya asiye mkazi, wanaangalia kitambulisho. Weka jina la mtu mmoja, saa kumi alasiri, Jumanne au Jumatano, halafu beba mipira mingi kuliko unavyodhani unahitaji, na miwili ya kumpa mtu.