SSD Kabla ya Kitu Kingine Chochote: Mwongozo wa Kununua Vifaa vya Kuweka Linux kwenye Kompyuta Mpakato ya Zamani

Tangu Microsoft ilipohitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta mpakato nyingi ambazo bado ni nzima zimebaki bila njia rahisi ya kusonga mbele, kwa sababu Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa mpya kuliko zilizomo. Linux, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, hupakuliwa bure. Kinachohitaji fedha ni vifaa vya kuipa mashine uhai, na anayeanza mara nyingi hununua visivyo na haraka akaacha kile ambacho kingemfaa zaidi. Hapa nimevipanga vifaa hivyo kwa umuhimu wa kununuliwa.

Flashi ya GB 8 siiweki katika mpangilio huu, kwani bila hiyo hakuna kazi inayoanza. Pakia humo Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, kwa programu kama Rufus au Ventoy, kisha uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi. Mfumo utafanya kazi bila kugusa diski, nawe utaweza kukagua waifai, sauti, kamera na kibodi. Nashauri kwa msisitizo kwamba usilipie kifaa kingine kabla ya jaribio hili, kwa sababu ndilo litakaloonyesha mashine inakosa nini. Ikiwa prosesa ni ya biti 32, Mint ya sasa haitawaka kabisa, na kwa maoni yangu mashine ya namna hiyo haistahili kutumiwa fedha zaidi.

Nafasi ya kwanza naipa SSD, yaani diski ya kielektroniki ya kuhifadhia mfumo na faili, tena kwa mbali. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, mara nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hulazimika kuhama kila faili linapotafutwa. Ndiyo maana hata mashine yenye prosesa nzuri huchelewa kuwaka na hukwama kivinjari kinapofunguliwa. SSD haina sehemu inayosogea. Ile ya SATA, yaani ya kiunganishi kilekile cha diski nyingi za zamani, ambayo husoma hadi takriban MB 550 kwa sekunde, inatosha kabisa, na GB 240 zinamfaa anayeanza, maana waundaji wa Mint wanataja GB 20 kuwa kiwango cha chini na GB 100 kuwa kiwango cha kutumia kwa raha.

Fungua kwanza kifuniko cha chini uone diski iliyomo. Ikiwa ni ya inchi 2.5, nunua SSD ya SATA ya ukubwa huohuo yenye unene wa milimita 7, ambayo huingia hata palipotengenezwa kwa diski nene zaidi. Palipo na tundu la M.2, yaani tundu la SSD nyembamba zenye umbo la kadi, uwe mwangalifu, kwa kuwa SSD za M.2 ziko za SATA na za NVMe (aina yenye kasi zaidi), umbo lao linakaribiana sana, na matundu mengi ya zamani hukubali SATA pekee. Kuna faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko kasi yenyewe: diski ya awali huchomolewa ikiwa na Windows na faili zako zote, kwa hiyo hata ukikosea kila hatua ya kuweka Linux, hujapoteza kitu. Ongeza kasha la USB la kuwekea diski hiyo, uwe unanakili faili zako taratibu.

Ya pili ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo programu hutumia zikiwa wazi. Mint huwaka kwa GB 2 na inapendekezewa GB 4, lakini mlaji mkubwa wa RAM ni kivinjari, si Linux, kwa hiyo anayefungua kurasa nyingi kwa pamoja afikishe GB 8. Amri ya sudo dmidecode -t memory, ikiandikwa kwenye programu ya Terminal, itakuonyesha aina iliyomo. DDR3 na DDR4 haziingiliani kwenye tundu, na palipoandikwa DDR3L usiweke DDR3 ya kawaida, kwani hutumia volti 1.5 badala ya 1.35. Katika baadhi ya kompyuta nyembamba RAM imelehemewa kwenye bodi na haiongezeki. Hapo chagua Mint ya Xfce au toleo jingine la Linux liitwalo Lubuntu, ambazo ni nyepesi.

Adapta ya waifai ya USB ni ya tatu, na ni kwa yule tu ambaye waifai yake ilikataa wakati wa jaribio. Hata huyo aunganishe kwanza simu kwa waya wa USB ili apate intaneti, kisha afungue kidhibiti cha draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) cha Mint, kwa kuwa chipu nyingi za Broadcom hupata draiva yao huko. Ikishindikana, tafuta adapta yenye chipu ya MT7612U au AR9271, ambazo draiva zake zimo ndani ya Linux yenyewe.

Betri naiweka mwisho, kwani kompyuta inayokaa mezani karibu na umeme haiihitaji sana. Amri ya upower -d huonyesha uwezo uliobaki ukilinganishwa na wa kiwandani, na namba ya kununulia imechapishwa kwenye betri yenyewe. Iliyovimba pekee ndiyo haisubiri zamu: izime kompyuta, usiichaji tena, na betri hiyo itolewe kabla ya kazi nyingine yoyote.