Mashine ya kuparaza yenye chekecheo za kubadilisha: uzoefu wangu kwa kuku wa nyama na wa mayai

Huduma yenyewe ni ya kuparaza na kuchanganya chakula cha kuku kwenye mashine ya nyundo, ambapo mteja ndiye anayechagua chekecheo, yaani bamba la matundu ambamo chakula hupita kikishapigwa. Naipa nyota 4 kati ya 5. Inastahili bei yake, lakini usipakie mzigo kabla hujatia mkono kwenye gunia.

Mashine nyingi za mtaani zina chekecheo moja tu, ile ya unga wa ugali, yenye matundu ya kama milimita 1. Unga huo kwa kuku ni hasara. Unaganda kwenye mdomo wa kifaranga, naye akienda kunywa anauacha kwenye maji; kabla ya saa sita chombo kina uji uliochacha. Ndani ya mwili ndiko kwenye tatizo kubwa zaidi. Firigisi ni msuli, hukua kwa kufanya kazi. Chenga hukaa humo mpaka zisagike na kuchanganyika na tindikali, ilhali unga hupita haraka kwenda utumboni. Siku ya kuchinja, pasua firigisi mbili za kuku wa umri mmoja: ya aliyekula chenga ni nene na ngumu, ya aliyekula unga ni ndogo na imelegea.

Mimi huomba chekecheo ya milimita 3 kwa vifaranga wa wiki mbili za mwanzo, 4 kwa kuku wa nyama baada ya hapo, na 6 kwa wa mayai. Msidhani tundu la 4 linatoa chenga za milimita 4. Nyundo hupiga punje kwa kasi na kwa ubavu, kwa hiyo nyingi hutoka karibu na milimita 1, pengine chini kidogo.

Kwa nini nisiombe kubwa zaidi? Kuku huchagua. Anadonoa chenga za mahindi anazoziona, anaacha vumbi chini ya chombo, na humo ndimo iliko premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), chumvi, na laisini na methionini, ambazo ni viini vya protini. Kundi linakuwa na wakubwa na waliodumaa. Dawa yake: waache wamalize chombo mara moja kwa siku kabla ya kuongeza, na tia lita 1 hadi 2 za mafuta ya kula kwa kila kilo 100 ili vumbi lishikane na chenga.

Nyota iliyopungua ni ya usimamizi. Nyundo zikiisha kona, haziparazi tena, zinasugua, na unapata vumbi hata kwa chekecheo ya 6. Chekecheo ikitoboka, punje nzima zinapita. Halafu wahudumu hupenda kumimina kila kitu kwenye mashine kwa pamoja, na mashudu ambayo tayari ni laini yanageuka poda. Waambie waparaze mahindi na dagaa tu. Mashudu yaende moja kwa moja kwenye kichanganyio, isipokuwa yakiwa ya mabonge. Premiksi ichanganywe kwanza na kilo 3 za mahindi yaliyoparazwa, ndipo iingie kwenye mzigo mzima. Mahindi mabichi msipeleke kabisa, yanaziba chekecheo.

Kipimo changu ni chekeche la unga la nyumbani. Pima kilo 1 ya chakula, chekecha dakika mbili, kisha pima kilichopita. Kikizidi nusu kilo, mzigo unarudi.

Chokaa ya kuku wa mayai isipite kwenye mashine hata kidogo. Nunua ya chenga za milimita 2 hadi 4, iwe zaidi ya nusu ya chokaa yote. Ganda hutengenezwa usiku kuku akiwa amelala, na chenga zilizobaki kwenye firigisi ndizo zinazoyeyuka taratibu na kumpa kalisi saa hizo. Ya unga inakuwa imeshapita.

Je, inashinda chakula cha vidonge cha dukani? Kwa kuku wa nyama, hapana. Kidonge hakimpi nafasi ya kuchagua, na anakula haraka bila kuchoka. Siku 10 za kwanza bado nanunua stata (chakula cha kuanzia vifaranga) ya chengachenga, yaani vidonge vilivyovunjwa, ila gunia likiwa na vumbi jingi chini, faida hiyo imeishia njiani kwenye lori. Kwa wa mayai sioni sababu ya kulipia vidonge. Chekecheo ya 6 inatosha.