Wakala wa bima karibu na Soko la Mbuyuni, Moshi: nampa nyota nne

Ninayemsifia hapa ni kaka mwenye ofisi ghorofani, juu ya duka la spea, ukitokea Soko la Mbuyuni. Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu aliyefungiwa leseni kwa mambo ya bima na sasa mnaogopa hata kuanza upya, anzieni kwake.

Probox yetu ilikuwa na bima ya kwenye kioo tu. Mtu aliyetuuzia alitupa stika safi na karatasi yake, kumbe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, gari halimo kabisa. Trafiki aliposimamisha gari njia ya Boma Ng'ombe akaingiza namba kwenye simu, hakuona kitu. Baba Neema ndiye alikuwa kwenye usukani. Akaandikiwa kosa la kuendesha gari lisilo na bima, na mwisho wa yote leseni yake ikafungiwa. Inaniuma mpaka leo, maana pesa tulitoa.

Huyu wa Mbuyuni hakuanza na bei. Aliuliza gari linafanya kazi gani na nani analiendesha. Nikamwambia nabeba mayai kutoka Kibosho kuwapelekea wateja mjini, na kwa sasa naendesha mwenyewe. Akaweka kalamu chini. "Mama, nikikuandikia matumizi binafsi utalipa kidogo leo. Siku ukigonga mtu na trei za mayai ziko nyuma, kampuni itakuuliza mbona ulisema gari ni la nyumbani." Akaliandika la biashara. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayowalipa wale uliowagonga, ni 118,000 pamoja na VAT, yangu ikazidi hapo, na nililipa kwa moyo mweupe. Wangapi wanaokuuliza unabeba nini kabla hawajachukua hela yako?

Habari ya leseni ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi. Nilidhani wataniongezea bei kwa sababu ya kesi ya baba Neema. Haikuongezeka hata shilingi, kwani bima ndogo huku kwetu inapigiwa hesabu kwa gari na kazi yake. Ila akafungua karatasi ya masharti, akaweka kidole kwenye mstari unaosema dereva lazima awe na leseni hai, akanisomea taratibu. Baba Neema asiliguse gari, hata kulipeleka kwa fundi, mpaka leseni yake ifunguliwe. Ikifunguliwa, nimpelekee kopi aiweke kwenye faili.

Malipo hayakwenda kwenye simu yake. Alitoa namba ya malipo ya kampuni, nikalipa palepale, kisha akanigeuzia kompyuta. Nikatoa kadi ya gari nikalinganisha namba ya chesisi, tarakimu kwa tarakimu, halafu tarehe ya kuanza na ya kuisha. Bado akaniambia nikifika chini niingie mwenyewe kwenye tovuti ya TIRA kwa simu yangu, nisimwamini yeye. Nikiwa nimesimama pale kwenye spea, gari letu likatokea. Nilimpigia baba Neema nikamsomea yote.

Kuna kijana wa Noah nilimkuta pale, alikuwa anabembeleza bima yake iandikwe imeanza wiki iliyopita. Kaka akamkatalia mbele yetu sote: bima inaanza ukishalipa, na mfumo hauna tarehe ya nyuma. Kijana aliondoka kwa hasira. Mimi ndipo nilipotulia, kwa sababu aliyetuumiza sisi asingemkatalia mtu yeyote.

Nyota moja nimeitoa kwa mambo mawili. Ngazi za kule juu ni nyembamba na hazina pa kushika. Mzee mwenye magoti mabovu hatafika. La pili ni bima kubwa. Bima ndogo gari lako mwenyewe hailitazami, kwa hiyo nilitaka kujua gharama ya kubwa. Kwa gari binafsi alinijibu haraka, asilimia 3.5 ya thamani ya gari na VAT juu yake, lakini kwa gari la biashara kama langu akasema atanitumia ujumbe. Hajautuma. Nausubiri, maana mwakani nataka kukata bima kubwa, na nataka kuikatia kwake.